Mtawala wa Boti Yetu ni Kibanio

Boti yetu ina nahodha, ambaye ni shemeji yangu, na ina msaidizi wa nahodha, ambaye ni mimi, kwa maana kwamba mimi ndiye mbeba barafu, mshika tochi na mlaumiwa. Hakuna kati yetu anayetawala. Kinachotawala ni kibanio cha plastiki chenye springi, kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, kinachoning'inia mita 20 chini ya maji ambako hakuna anayeweza kukiona wala kukikemea. Kikitaka tule samoni, tutakula. Kisipotaka, tutapitia dukani kununua mapaja ya kuku, na mama watoto atauliza swali lake la kila Jumamosi: "Hivi petroli ya hiyo boti ni dola ngapi?"

Tunavua Ziwa Michigan, tukitokea Milwaukee. Ni ziwa la kilomita za mraba karibu 58,000, dogo kuliko Victoria, lakini kwa kina Victoria haisogei: huku penye kina kirefu zaidi ni mita 281, na Victoria ni 80 na kidogo. Nilimpigia simu kaka yangu wa Mwanza kumtambia habari hizo. Akanijibu neno moja, Tanganyika, lenye mita zake 1,470, na mjadala ukafungwa pale pale.

Sasa samoni ana tabia zake. Wakati wa joto humwoni juu. Anapenda maji ya baridi, nyuzi 12 hivi, na mwezi Agosti maji ya juu yanaweza kupita nyuzi 20. Kwa hiyo anashuka mita 15, 20, hata 30, mpaka pale maji ya moto yanapokoma na ya baridi kuanza. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili, unayasukuma maji ya moto kuelekea ng'ambo, na ya baridi yanapanda upande wetu wa Wisconsin. Basi samaki aliyekuwa mita 25 jana, leo yuko mita 8, na wewe hujaambiwa.

Kumfikia huko chini ndiko kuliko na kazi. Tunarambaza, boti inakwenda taratibu, kilomita nne kwa saa au zaidi kidogo, huku inakokota kijiko cha chuma kinachometameta. Kijiko peke yake hakishuki mita 20. Ukifunga chubwi zito kwenye mshipi wako, kitashuka, ila samaki akinasa utakuwa unavuta chubwi na samaki kwa pamoja, na hutajua nani kati yao anapigana. Ndipo ikatengenezwa daunriga: roda yenye waya wake, imekazwa ubavuni au nyuma ya boti, na mwisho wa waya kuna chubwi la kilo nne, tano au sita. Mshipi wako wewe unaubana kwa kibanio karibu na chubwi, vyote vinashuka pamoja. Samaki akikamata, kibanio kinaachia, chubwi linabaki na waya wake, na samaki anabaki na wewe. Hakuna mzigo katikati.

Wazo zuri kabisa. Anayelitibua ni huyo wa kati.

Nilipomweleza kaka yangu jambo hili alicheka mpaka akakata simu, akapiga tena. "Yaani unabana ili iachie?" Ndiyo. "Na isipoachia?" Tunakokota. "Na ikiachia bure?" Tunaanza upya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kule kwao mvuvi wa mshipi ana kidole cha shahada, na kidole kinajua jiwe ni lipi, gugu ni lipi na sato ni yupi, na hakijawahi kununuliwa dukani. Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kazi ya kibanio ni ile ya mlinzi wa geti: awazuie machinga wote na amfungulie bosi peke yake. Machinga hapa ni mawimbi, mikondo, uzito wa chambo kinavyokokotwa, na msuguano wa maji kwenye mshipi wenyewe. Bosi ni samaki. Shida ni kwamba bosi naye hana ukubwa mmoja. Yupo samoni aina ya chinuki, anayekuja kwa kishindo. Mwaka 2021 kule Ludington, ng'ambo ya ziwa, alivuliwa mmoja wa zaidi ya kilo 21, akavunja rekodi ya jimbo la Michigan. Na yupo samoni wa mwaka mmoja, urefu wa kiganja, ambaye naye anajiona ni chinuki. Wote wawili wanagonga geti lile lile.

Ukiweka kibanio chepesi, maisha yako yanakuwa hivi. Upepo unaamka mchana, mawimbi yanafika nusu mita, nyuma ya boti inapanda na kushuka, na kila inapopanda inalishtua chubwi kule chini. Kibanio kinaachia. Fimbo iliyokuwa imepinda inaruka juu na kusimama wima. Shemeji anapiga kelele "Samaki!" kwa sauti inayosikika Chicago, anamwaga chai yangu, ananipa fimbo. Nazungusha rili mshipi wote, mita arobaini, hamsini. Mwisho wake kuna kijiko, safi, kimeoshwa. Halafu kazi inaanza tena: rudisha kijiko nyuma ya boti, bana mshipi, shusha chubwi polepole, kaza rili mpaka fimbo ipinde, keti. Ukimaliza kuketi, nyingine inaruka.

Ukiweka kigumu, unapata amani, na amani hiyo ndiyo mbaya. Yule samoni mdogo anakamata kijiko na hana nguvu za kufungua kibanio. Ncha ya fimbo inatikisika kidogo, wewe unasema ni wimbi. Unamkokota. Unakula sandwichi huku unamkokota. Unajadili siasa za nyumbani, unamaliza muhula mzima wa Bunge, bado unamkokota. Ukija kuinua chubwi unamkuta kinywa wazi, amekwisha kufa maji, samaki mzima! Na muda wote huo kijiko kilikuwa na mpangaji, hakuna mwingine ambaye angekikaribia. Hasara ni mbili: umempoteza mtoto ambaye ungemrudisha akakua, na umetembeza chambo mfu saa nzima.

Kati ya chepesi na kigumu ndipo wanapoishi watu wa dukani.

Nenda duka lolote la vifaa vya uvuvi kandokando ya ziwa hili ukaone ukuta wa vibanio. Vipo vyeusi, vyekundu, vya njano, vyenye waya mrefu, vyenye waya mfupi, vya kubana kwenye chubwi, vya kubana kwenye waya wa daunriga juu ya chubwi ili uweke fimbo ya pili. Kwenye pakiti wameandika: chepesi, cha wastani, kizito. Hakuna kilo, hakuna gramu. Chepesi kwa nani? Mimi niliyebeba magunia ya dagaa utotoni, au mtoto wa mjini ambaye hajawahi kubeba hata begi lake la shule? Nilimuuliza muuzaji. Akasema inategemea. Nikamuuliza inategemea nini. Akasema, bwana, inategemea tu, kisha akaenda kumhudumia mtu aliyekuwa ananunua injini.

Tena vinauzwa viwili viwili na vinapotea kimoja kimoja. Nyumbani kwangu kimoja kimebana mfuko wa unga wa ugali kabatini, na mama watoto anasema hajawahi kupata kitu kinachofanya kazi vizuri namna hiyo.

Kwa kuwa wa dukani hawasemi, nitasema mimi. Aina ni tatu, ukiondoa mbwembwe.

Kuna vya pedi. Vipande viwili vya mpira vinakandamizwa na springi, unavifumbua kwa vidole, unaweka mshipi katikati, unaachia. Ukiusukuma mshipi ndani kabisa, vinashika sana. Ukiuweka ukingoni, vinaachia upesi. Ndiyo hesabu yote. Havina skrubu, na kitu kisicho na skrubu hakina mjadala. Kasoro yake ni mpira. Unachoka, unapigwa mfereji pale mshipi unapopita kila mara, unashika utelezi wa kijani wa ziwani, na asubuhi ya baridi ya mwezi Mei unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa ulipoujaribu sebuleni. Pia ukibana mshipi mahali pale pale siku nzima unauchosha, kwa hiyo kata kipande mara kwa mara. Watu hawakati. Wanalilia samaki mkubwa aliyekata mshipi, na mshipi ulikatika pale pale walipoubana.

Kuna vya skrubu. Ndani mna kilimi kidogo kinachofyatuka, na skrubu ya kuongeza au kupunguza ugumu. Walio hodari wametengeneza vyenye marekebisho mawili: moja kwa mvuto unaotoka nyuma, kwa samaki, na jingine kwa mvuto unaotoka juu, kwenye fimbo yako. Nakiri, ndiyo akili kubwa kuliko zote ukutani pale. Unaweza kuikaza fimbo ikapinda vizuri bila mshipi kuchomoka, na bado samoni mdogo akagonga geti na kufunguliwa. Tatizo ni kwamba boti yetu ina watu wawili na bisibisi moja. Mimi nikikaza, yeye analegeza nikiinama kuchukua barafu. Akilegeza, mimi nakaza akiinuka kutazama skrini ya kutafutia samaki. Hakuna siku hata moja skrubu ile imekaa mahali ilipowekwa na mtu mmoja, kwa hiyo hakuna siku tuliyojua ni marekebisho ya nani yaliyoleta samaki. Yeye anasema ni yake.

Na kuna rababendi. Ndiyo, mpira ule ule wa kufungia noti. Unauzungusha kwenye mshipi na kuupitisha ndani yake wenyewe mpaka ukaze, kitanzi kinachobaki unakiingiza kwenye ndoana ya kufungia iliyoko kwenye chubwi. Samaki akivuta, mpira unakatika. Wazee wa gatini wanaapa kwa rababendi, nao hawajakosea. Ni rahisi, hautelezi, na ukitaka ugumu zaidi unachukua mnene, ukitaka wepesi unachukua mwembamba. Ila mabaki yake wakati mwingine yanang'ang'ania mshipi na kukwama kwenye pete ya fimbo wakati samaki yuko karibu kabisa na wavu, mpira uliokaa juani unakatika kwa kutazamwa, na vipande vinaishia ziwani. Na zaidi ya yote, shemeji hataki. Mtu mwenye mkopo wa boti hawezi kuonekana anavua kwa rababendi. Amesema hivyo mwenyewe, mbele ya watu.

Shemeji anapenda uzi wa kusuka. Ni mwembamba, una nguvu, haunyumbuki, na kila mtu kwenye video anautumia. Ukiubana kwenye pedi unateleza. Unakaza fimbo, uzi unachomoka taratibu, fimbo inanyooka, unafikiri samaki kaja kwa adabu. Dawa ipo: unausokota uzi wenyewe mara kadhaa mpaka uwe kamba fupi yenye kitanzi, unabana ile sehemu iliyosokotwa. Inafanya kazi. Lakini fanya hivyo saa kumi na moja alfajiri, boti inayumba, vidole vimekufa ganzi, na nahodha anauliza kuna nini huko nyuma. Mimi msimamo wangu ni nailoni ya kawaida, ya ratili 20, kwenye kila fimbo ya daunriga. Inanyumbuka kidogo, pedi inaishika, basi. Uzi wa kusuka una kazi zake kwingine.

Hilo la kuipinda fimbo ndilo wageni hawalielewi. Chubwi likifika chini, unazungusha rili mpaka ncha ya fimbo iiname kuelekea majini. Si kwa urembo. Kibanio kikiachia panatokea mshipi uliolegea kati ya fimbo na samaki, na fimbo iliyopinda inajifyatua juu na kuumeza ule ulegevu kabla samaki hajatema. Ndipo wewe unazungusha rili kwa nguvu zako zote mpaka uhisi uzito. Sasa, kibanio chepesi mno hakikuruhusu kupinda fimbo; ukiipinda tu, kinaachia. Kwa hiyo swali la kibanio na swali la fimbo ni swali moja, na fimbo inayofaa ni laini, ndefu. Shemeji alinunua ngumu kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Ugumu haukai mahali pamoja, na hapa ndipo ninapowasamehe kidogo watu wa dukani. Kadiri unavyoshuka, mshipi mwingi zaidi unapigwa na maji na kujipinda kati ya fimbo na chubwi, nao unavuta kibanio saa zote. Kwa hiyo mita 30 zinataka kibanio kinachoshika zaidi kuliko mita 8. Kijiko chembamba ni chepesi, hakivuti kitu. Kile kibao cha plastiki kinachozunguka, ambacho kwa nyuma kinakokota chambo chenye manyoya au kipande cha samaki, kinavuta kwa mishtuko, pu, pu, pu, mchana kutwa, na kibanio chepesi hakitakivumilia. Mawimbi yakiongezeka, kaza. Yakitulia, legeza. Na ukitaka kujua umekaza kiasi gani, bana mshipi hapo hapo juu kabla hujashusha, uvute kwa mkono upande wa kijiko, usikie unaachia wapi. Watu wanaruka hatua hiyo kwa sababu haina skrini.

Kuhusu kuongeza kijiko cha pili katikati ya mshipi kwa kamba fupi inayoteleza, nimekataa na sitaeleza.

Wakati mwingine, tukisubiri kibanio kitoe uamuzi wake, huwa namfikiria samoni mwenyewe, maana naye ni mgeni hapa. Wenyeji wa ziwa hili ni trauti wa ziwa, na wakubwa wao karibu wote waliliwa na lamprei, kile kiumbe kinyonya damu kilichopenya kutoka Ziwa Ontario kupitia Mfereji wa Welland unaoyakwepa maporomoko ya Niagara. Trauti walipopungua, kisamaki cha jamii ya heringi kiitwacho eliwaifu, nacho mgeni kutoka baharini, kikazaliana bila wa kukila. Kiangazi cha 1967 fukwe zilijaa mizoga yake. Jimbo la Michigan lilikuwa limekwisha kuleta mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon, likapanda watoto wao mitoni mwaka 1966, na mwaka uliofuata likaongeza chinuki. Samoni wakala, wakanenepa, na watu wakapagawa. Septemba 1967 walikimbilia koho kwa viboti vidogo, dhoruba ikawakuta, saba wakafa. Ndiyo maana kuhusu upepo mimi sina utani. Utani wangu wote ni wa vibanio.

Sisi wa Victoria habari hii tunaijua kwa upande wake wa pili. Sangara naye alipandwa, miaka ya 1950 na 1960, na kazi aliyoifanya kwa furu, samaki wenyeji, haijasahaulika. Huku mgeni aliletwa ale mgeni mwenzake, na angalau alipokewa na serikali kwa sherehe. Mimi nilipofika niliambiwa fomu niliyojaza ni ya zamani.

Basi, msomaji, kama na wewe una shemeji mwenye boti kwenye mojawapo ya maziwa ya huku, sikiliza. Nunua vya pedi, vya ukubwa wa wastani, na jifunze kucheza na kina cha mshipi ndani ya pedi badala ya kununua ukuta mzima. Kwa vile vibao vinavyozunguka, au maji marefu, weka kando pea moja inayoshika zaidi. Beba rababendi mfukoni, usimwonyeshe nahodha. Mpira wa pedi ukishapigwa mfereji, tupa. Usiutunze kwa huruma. Ukiona ncha ya fimbo inatikisika kwa namna ambayo nyingine hazitikisiki, usingoje kibanio kifikiri: inua fimbo, achia mwenyewe kwa mkono, angalia nani yuko chini.

Na kwenu wenye viwanda, ombi langu ni dogo, halihitaji mota wala skrini. Andikeni kilo kwenye pakiti. Kilo moja, kilo moja na nusu, kilo mbili. Chepesi ni kipi tutajua wenyewe.